Kitabu Nilichokiweka Chini ya Skrini

Wapendwa, nimeombwa niseme yale Mungu amenitendea. Nitayasema, lakini wacha nianze na yale mimi nilitenda, kwa sababu hayo ndiyo yamenizuia kusimama hapa miezi hii yote. Mkiona naangalia sakafu msidhani ni unyenyekevu. Ni aibu.

Wengi wenu hapa Mumbuni mnaniita Mwalimu wa Kompyuta. Printa ikikataa, mnanitafuta. Simu ya mtoto ikigoma, mnaniletea. Nami nilikuwa naitika, tena nilipenda sana kuitwa. Ndugu zangu, nawaambia leo: mimi sikuwa najua kompyuta. Nilikuwa nimeikariri, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Tulipokuwa chuoni hapa mjini, mashine zilikuwa chache na sisi tulikuwa wengi. Ukikaa dakika kumi, mwenzako ameshakugusa bega. Kwa hivyo niliandika kila hatua kwa daftari. Pembe ya chini kushoto, bonyeza. Mstari wa nne, bonyeza. Mashine ikiuliza swali, mstari wa pili, halafu Ndiyo. Swali lenyewe linauliza nini, hilo sikuandika. Ningeliandika la nini, na jibu niko nalo? Daftari hilo ndilo lilinipatia cheti, na ndilo nililofundishia miaka tisa kwenye shule moja ambayo mtanisamehe sitaitaja. Wanafunzi wangu waliimba kama watoto wanaokariri tebo za hesabu, mbili mara mbili: "Pembe, bonyeza. Nne, bonyeza." Mwalimu mkuu akipita dirishani alikuwa anatabasamu. Alidhani anasikia elimu.

Halafu shule ikapata kompyuta zingine zenye mfumo endeshi tofauti, yaani ile programu kuu inayoamsha mashine na kuendesha zile zingine zote. Nikawasha. Nikaenda pembe ya chini kushoto. Hakuna kitu. Mstari wa nne nao ulikuwa umehama, na sikujua umehamia wapi. Jasho likanitoka mbele ya darasa zima, nikasema mashine hizi zimeletwa zikiwa mbovu.

Ndani ya boksi kulikuwa na kitabu kinene cha marejeo, kinachoeleza mfumo huo kutoka kuwasha hadi kuzima, na faharasa nyuma ya kutafutia jambo lolote. Nilikipima kwa mkono. Nikaona skrini yangu iko chini inaniumiza shingo, nikakiweka chini yake. Kikatosha vizuri.

Mtaniuliza kwa nini sikukifungua. Niliogopa kuonekana. Mwalimu akipatikana anasoma kitabu cha kompyuta, si watu watajua hajui? Kuna msichana aliuliza siku moja, "Mwalimu, si tuangalie kwa hicho kitabu?" Nikamwambia kitabu ni cha watu ambao hawana mwalimu. Darasa likacheka, akakaa chini. Hata hilo nalitubu mbele yenu.

Basi nikaamua dawa ni kurudisha mfumo ule wa zamani. Nikaanza na mashine kubwa, ile iliyohifadhi kazi za mradi za kidato cha nne, watoto kumi na wanne. Ilikuwa Ijumaa mchana na niko peke yangu. Nikaingiza diski ya mfumo wa zamani, na mashine, kabla ya kuupokea, ikauliza swali refu, sikulisoma. Mstari wa pili, Ndiyo. Ikaniuliza tena kama nina hakika. Ndiyo. Ilipowaka, ile pembe yangu ya kushoto ilikuwa imerudi mahali pake, lakini kazi za watoto hakuna hata moja.

Nikaizima kwa woga, nikafunga chumba, nikaenda ofisini. Mwalimu mkuu akauliza kumeendaje. Wapendwa, hapo ndipo nilianguka, si pale kwa mashine. Nikasema, "Ni mama wa usafi. Amechomoa waya akipiga deki."

Huyo ni mama mtu mzima wa upande wa Masii, mjane, na alikuwa pale kabla yangu. Aliitwa, akaja na ndoo yake. Akasema, "Mwalimu, mimi waya sigusangi. Mimi huzizunguka." Mwalimu mkuu akaniangalia. Nikatikisa kichwa polepole, kama mtu anayemhurumia. Mama akaambiwa akae nyumbani mpaka kamati ya shule ikutane. Alinipa funguo za maabara kwa mikono miwili, vile watu wake walimfundisha, akaniambia, "Kile kitabu nakipangusanga vumbi kila Ijumaa. Leo sijafika hapo."

Jumamosi nilibeba kile kitabu hadi nyumbani ndani ya mfuko wa unga, nikakisoma na kamusi kando, kwa maana Kiingereza chake hakikuwa cha mchezo. Nikatafuta nyuma neno la kufuta. Likanipeleka kwa ukurasa, na kwa ukurasa huo kulikuwa na onyo limezungushiwa mistari: hatua hii hufuta kila kitu, nakili kazi zako kwanza. Swali nililolibonyezea Ndiyo lilikuwa limechapishwa hapo neno kwa neno. Aiya, niliona uso unawaka nikiwa peke yangu sebuleni.

Nikaendelea kusoma. Kitabu kikasema kilichofutwa hivyo hakiondoki chote papo hapo. Mashine huhesabu tu kwamba nafasi yake iko wazi. Usiandike kitu kingine juu yake, izime, utafute mabaki kwa kutumia mashine nyingine, na hatua zake ni hizi. Kumbe woga wangu wa kuizima ulikuwa umeokoa kitu. Jumatatu na Jumanne nilikaa nayo, kidole kwa mstari, na safari hii nikisoma kila swali kabla sijajibu. Kazi kumi na moja zikarudi. Wale watatu wengine ilibidi waanze upya.

Jumatano nikaitwa mbele ya gwaride. Mwalimu mkuu akasema, "Mwalimu ametuokoa," na shule nzima ikanipigia makofi. Nami niliyapokea. Niliinua hata mkono.

Mke wangu yuko hapo nyuma, msimgeukie. Nilipomsimulia habari ya makofi tukila chakula cha mchana, alinisikiza mpaka mwisho, halafu akauliza jambo moja tu. "Na yule mama ameitwa arudi?" Nikarudisha tonge kwa sahani. Hakuniuliza tena. Nikachukua kitabu, nikarudi shuleni hapo hapo, nikamfungulia mwalimu mkuu ule ukurasa. Nikamwambia hakuna waya duniani inayochomolewa ikafuta kazi na kuweka mfumo mwingine. Ni mimi. Hakunifokea. Alisoma, akavua miwani, akasema, "Utaenda wewe mwenyewe kumwita." Barua ya onyo ilifuata, na niliistahili.

Jumamosi hiyo nikaenda Masii. Nilimkuta anapura maharagwe uani. Nikasema yote nikiwa nimesimama, na yeye akiendelea na kazi. Nikamwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, nisamehe."

Akasema, "Mimi nilikuwa nje siku hiyo nikipangusa vioo. Nilikuona ukishika kichwa. Waya zilikuwa zimekaa tu."

"Mbona hukusema?"

"Ungeniuliza mbele ya mkubwa, kompyuta naijua wapi. Ningejibu nini?"

Na ni kweli, ndivyo ningeuliza.

Alirudi kazini baada ya juma moja. Namshukuru mwalimu mkuu, namshukuru mke wangu na lile swali lake, na namshukuru mama huyo kuliko wote. Siku hizi kitabu kiko mezani, kimefunguliwa, na mwanafunzi akiuliza nisilolijua nasema sijui, tuangalie nyuma kwa faharasa. Sijawahi kuona darasa limenidharau kwa hilo. Kuuliza si ujinga, wazee walisema, na kitabu ni mtu unayeweza kumuuliza mara kumi na asikucheke. Kama uko na kazi unayoifanya kwa kukariri, iwe ni kompyuta au ni dawa ya ng'ombe, tafuta mahali imeandikwa, usome leo. Ujinga wangu ulikuwa mdogo. Kuuficha ndiko kulikomtoa mjane kazini.

Mama aliniambia amenisamehe, na namwamini. Lakini saa nne akileta chai ya walimu, wenzangu wote huwapa kikombe akiwauliza habari ya nyumbani. Mimi hunipa kikombe akiangalia kando. Kazi za watoto nilijua pa kutafuta namna ya kuzirudisha. Hili sijui limeandikwa wapi, na ndiyo maana nimesimama hapa leo. Niombeeni.