Mwalimu wa Kwaya Aliyeingia Baa

Bwana Mwenyekiti wa kwaya yetu, Ndugu Mwaura, wachungaji wetu, wageni waheshimiwa mliovumilia foleni kutoka Muaither na Al Wakrah, dada zetu wa Kitanzania mliopika biriani, mkaifunika, na sasa mnanitazama kama mtu aliyefunga njia, wanakwaya wenzangu, sauti zote nne: nawasalimu kwa heshima, na nawaomba mkae vizuri, kwa sababu nimepewa dakika tano na sitazitii.

Kesho asubuhi napanda ndege kurudi Kakamega, baada ya miaka kumi na mmoja ya kulea watoto wa watu hapa Doha, na miaka tisa ya kufundisha kwaya hii hapa Abu Hamour. Zawadi nimepokea. Sifa zenu nimezisikia, hata zile ambazo Mwenyekiti amezisoma amekunja uso. Lakini siwezi kuondoka kabla sijamaliza jambo moja na Reuben, yule aliyekaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Wageni wetu hamjui, basi nawaambia. Mwaka 2011, mbele ya kwaya nzima, nilimvua Reuben joho kwa sababu anafanya kazi kwenye baa ya hoteli. Nilisema mkono unaomimina bia haufai kushika kitabu cha nyimbo. Hatukuwa na sauti ya tatu iliyomfikia. Alilikunja joho lake taratibu, akaliweka kwenye kiti, na tangu siku hiyo anakuja ibadani, anakaa nyuma, na haimbi.

Sasa sikilizeni yaliyonipata mimi niliyesema hayo. Mwaka jana, mwezi wa saba, mwajiri wangu, Madam Orla, alinichukua pamoja na watoto kwenda kwao Ayalandi, mji mdogo wa pwani ambao jina lake nimejaribu kulitamka mara nyingi mpaka wenyewe wakanihurumia. Barabara moja, kanisa moja, baa kumi na nne. Jioni ya kwanza mvua inapiga kwa pembeni, baridi inakata masikio, na hicho wao wanakiita kiangazi. Madam akasema tuingie baa. Nikamwambia, "Madam, mimi nitasubiri hapa nje mvua iishe." Akasema, "Milka, basi utasubiri hadi Septemba." Nikaingia. Ndugu zangu, mle ndani mlikuwa na watoto, mabibi wanaofuma sweta, na mbwa amelala karibu na moto. Nikaomba chai, nikaletewa buli zima na maziwa pembeni.

Mara watu wanne kwenye kona wakatoa fidla, filimbi na kodiani. Hakuna jukwaa, hakuna kipaza sauti, wameizunguka meza yao na kutugeuzia migongo. Nikangoja mwalimu wao asimame. Hakusimama mtu. Na kibaya zaidi, wote wanne walikuwa wanapiga sauti ya kwanza. Nyinyi wanakwaya mnanijua. Mnadhani niliweza kukaa?

Nilisimama. Nikaomba radhi, nikatoa do. Nikawapanga: walio karibu na moto sauti ya nne, walio dirishani sauti ya kwanza, mabibi wa sweta sauti ya pili, na wavuvi wa kaunta sauti ya tatu. Nikawafundisha pambio kwa do-re-mi, na wakaimba, tena kwa Kiswahili. Mzee mmoja aliyekuwa akibaki nyuma nilimrudisha peke yake mara tatu, hadi akaweka glasi chini apate mkono wa kupigia mapigo. Madam Orla alikuwa ameficha uso ndani ya koti. Pambio lilipokwisha, kwa mazoea yangu, nikasema, "Tufumbe macho tuombe." Baa nzima ikasimama. Wakavua kofia. Bwana mmoja aliyekuwa akipita na glasi tatu za bia nyeusi alisimama nazo vivyo hivyo mpaka Amina, na kwa vile mimi nikiomba naanza na marais, povu lote lilikwisha.

Tulirudi kila jioni kwa wiki tatu. Ndiyo, Mwenyekiti, kila jioni, na naona sasa umeacha kuangalia saa. Jioni moja bibi mmoja aliyekuwa amemzika mumewe juma lile alimwomba mwenye kaunta amwimbie wimbo alioupenda marehemu. Yule bwana alifunga bomba la bia, akafuta mikono, akafumba macho, akaimba peke yake bila ala yoyote. Hakuna aliyegusa glasi. Mtu aliushika mlango usije ukalia. Nami nimekaa pale, chai yangu imepoa, namwona Reuben akikunja joho. Nililia kuliko mwenye msiba, hata watu wakaanza kunipa pole mimi.

Mtauliza, mbona nimekaa mwaka na nusu bila kusema? Kiburi tu. Mara tatu nilimsubiri Reuben kwenye kituo cha teksi nimwombe msamaha, na mara zote tatu nikaishia kumwuliza kama joto limepungua. Ilikuwa Agosti. Reuben, kwa adabu yake, alinijibu, "Limepungua kidogo, Mwalimu."

Reuben, mwanangu, nilikukosea. Kazi yako ndiyo iliyosomesha wadogo zako, nami nilijua, na bado nikakuaibisha. Nilikuaibisha hadharani, kwa hiyo nakuomba msamaha hadharani, si kituoni. Kamati imekubali urudi, na Mwenyekiti amekubali pia, ingawa ilibidi nimkumbushe ni nani aliyemfundisha kusoma noti. Lakini kamati haiwezi kukurudishia hamu ya kuimba. Hiyo ni yako. Ijumaa, siku yetu ya ibada hapa, mimi sitakuwapo kuona. Nataka kujua leo: utaimba nao?

Usisimame kama hutaki. Sema hapo hapo ulipo, tunakusikia.

Naam. Kwa wale wa mbele ambao hamkusikia: anasema Ijumaa amepangiwa zamu ya asubuhi, lakini atabadilishana na mwenzake.

Basi mimi sina la kuongeza. Ahsanteni kwa masikio yenu na kwa miaka yenu; naomba mnipishe hapo katikati, nifike kule nyuma.