Sufuria Mbili za Loise Kavutha

Padri, wazee, akina mama na vijana mliofika hapa Kithimani leo, familia imenituma niwasomee maisha ya mpendwa wetu Loise Kavutha, nami nitasoma polepole, kwa kuwa mumewe, Mzee Bartholomew Nzioka, ameomba lisirukwe neno.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 huko Katelembo, akiwa kifungua mimba wa Jeremiah Musembi na Syombua, ambao wote wametangulia mbele ya haki, akaingia shule ya misheni mwaka 1948, akasoma hadi darasa la nne, ambapo ukame na wadogo zake wa kulea vilimrudisha nyumbani.

Mwaka 1961 aliajiriwa mpishi katika shule moja ya bweni hapa Kithimani, akapika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, hadi alipostaafu Desemba 1993, na wanafunzi aliowalisha, ambao wengine wameketi hapa na vitambi vyao, ni mashahidi kwamba mkono wake wa chumvi haukukosea. Alifunga ndoa na Mzee Nzioka, fundi wa baiskeli, tarehe 10 Agosti 1963, wakajaliwa Wanza, Onesmus na Ngina.

Juni 1996 moyo wa Mzee ulimwangusha shambani, akalazwa Machakos, na daktari alipomkataza chumvi marehemu akatenga sufuria mbili, moja ya Mzee, nyingine ya sisi wengine wa familia, naye akala ile yetu. Kila mwezi alimsindikiza kliniki, akakaa kwenye benchi na chupa ya uji, Mzee akipimwa presha, yeye asipimwe, kwani sote tuliamini ugonjwa wa moyo ni wa wanaume, na alipohema akitoka mtoni tulimwambia ni uzee, akakubali, akabeba mtungi wake.

Mwaka 2001 alianza kusahau, kwanza jina la Ngina, kisha njia ya kutoka sokoni, yakasemwa mengi, hata ya kulogwa, mpaka Wanza alipompeleka Nairobi Machi 2003, ambako daktari alieleza kwamba moyo wake ulikuwa umeugua miaka mingi, na kwamba maradhi ya moyo yanaweza kuifikia akili, tena hayaendi mwendo mmoja kwa mwanamume na kwa mwanamke, ingawa wataalamu bado wanachunguza sababu. Mzee aliuliza mbona yeye, aliyeanguka kwanza, anakumbuka kila kitu. Swali hilo linamuuma hadi leo.

Tangu hapo Mzee alitaka jambo moja tu, mkewe amjue. Kila asubuhi alimtajia jina lake, naye akamwamkia kama mgeni, akauliza kama watu wa kwake wako salama. Lakini Jumapili ya mwisho ya Julai mwaka huu, 2006, Ngina alipopakulia wote kutoka sufuria moja kwa haraka, marehemu, aliyekuwa hasemi tena, alionja, akaivuta sahani ya Mzee, akasema, "Huyu usimpe, hii iko na chumvi." Mzee alitoka nje akalia.

Alituacha tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, hospitalini Machakos.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomrudisha nyumbani kila alipopotea, na wapishi wenzake walio jikoni sasa hivi. Mzee anawaomba akina mama wanaowasindikiza waume zao kliniki wakunje mikono ya nguo nao wapimwe.

Mama Wanza, pumzika kwa amani. Chakula cha leo kimepikwa kwa sufuria mbili.