Selestine na Ng'ombe wa Kijivu wa Majimoto

Ndugu Selestine Telesphor, mpiga video mkuu wa studio yetu hapa Mpanda, anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kushika kamera miaka ishirini na sita. Taa nimemshikia mimi miaka yote hiyo, ndiyo maana nimekataa vijana wasiniandikie haya. Shule niliishia la tatu, lakini taa haijawahi kunizimikia mkononi.

Alianza na kamera ya kanda, ile ya kubeba begani kama gunia la mpunga. Kipaimara, harusi, misiba, mnada wa Kibaoni, vyote amepiga. Kule Ikola alishuka kwenye boti akalowa mpaka kiunoni, kamera kaiweka kichwani, kavu. Bibi harusi naye alilowa, ila huyo hakuwa na wa kumbeba.

Kabla ya kazi yoyote hunisimamisha mbele ya kamera na kitambaa cheupe, mashine ijue weupe ni upi, ndipo ipime rangi nyingine. Watu hucheka wakidhani najisalimisha. Mpanda hii hakuna anayeshika kitambaa kama mimi.

Kamera za sasa zilipokuja, alizisoma mwenyewe akatufundisha. Picha ni vidoti, na kamera zetu haziviandiki vyote sawa. Mwanga, kila kidoti kinapewa wa kwake. Rangi, vidoti vinne vinakula sahani moja. Hivyo kadi haijai haraka na jicho halistuki. Ila ukija kuivuta rangi hiyo baadaye kwenye kompyuta, ni haba, inakwenda ovyo.

Alilijua hilo. Ndiyo maana ya Majimoto yanamuuma.

Mwaka jana tulirekodi kule Majimoto mahari ya Minza, binti wa Mzee Manyanda. Ng'ombe waliletwa jioni, wingu limefunga, nyuso za wazee zikatoka kama majivu. Selestine akataka wapendeze. Akaongeza wekundu kwenye kompyuta, nyuso zikachangamka, ofisi nzima tukasifu. Yule ng'ombe jike mkubwa wa kijivu, ambaye ndiye hasa walipatana juu yake, akatoka mwekundu kama tofali. Hatukumwona. Tulikuwa tunaangalia watu.

Video ikatumwa Geita kwa kaka zake Mzee Manyanda, wenye fungu lao katika mahari. Wasukuma ng'ombe wanamjua kwa rangi yake. Simu ikapigwa: "Manyanda, wa kijivu umemficha wapi?" Akaapa. Wakamwambia video haina undugu na mtu. Mzee wa watu akaitwa mwizi na ndugu wa tumbo moja, na kaka mkubwa akasema harusini hakanyagi.

Selestine aliposikia, alichukua rekodi ya kwanza, ile isiyoguswa, tukaenda Majimoto. Kaka mkubwa alikuwa amekuja kuhukumu. Wakatazama kwenye laptopu, ng'ombe mwenyewe amefungwa pale nje. Kijivu kwa kijivu. Selestine akasimama, kofia mkononi.

"Manyanda hakubadilisha ng'ombe. Nilimbadilisha mimi, nikitafuta sura zenu zing'ae."

Nyanzala, mama yake Minza, akauliza, "Kwa hiyo baba, hata mimi sing'ai vile?"

Watu walicheka, na kaka mkubwa akacheka. Selestine hakucheka.

Harusi ilifanyika, ila waliorekodi ni vijana wetu. Yeye tangu siku ile hajagusa kamera. Anafika kazini, anafuta lenzi, anairudisha kwenye mkoba. Hata sherehe hii ya kumuaga aliikataa. Anasema mtu aliyemfanya mwenzake aitwe mwizi haagwi kwa vigelegele. Nimembishia wiki nzima, na mimi ubishi sishindwi. Nilimwambia aibu ile ni ya ofisi nzima iliyosifu, asiikumbatie kama shamba la baba yake. Hakunisikia.

Aliyemweza ni Mzee Manyanda. Jana kaingia ofisini na kibuyu cha maziwa ya ng'ombe yule yule wa kijivu, akaketi, akasema harudi Majimoto mpaka Selestine amrekodi akiyanywa mbele ya watu, kaka zake waone.

Kaka Selestine, asante kwa kazi, na kwa kusimama na kofia mkononi pale ambapo wengine tungejificha nyuma ya mashine. Mungu akupe afya, mpunga ukubali, wajukuu wakuchoshe vizuri.

Kitambaa changu leo nimekiacha nyumbani makusudi. Maziwa yamemiminwa, yako mezani mbele ya Mzee Manyanda. Washa kamera, upimie weupe hapo.