Maisha ya Dkt. Aleyamma Kuruvilla, Mhesabu Bata Mwitu wa Chennamthura

Baba Paroko, watawa, ndugu wa damu na wa ndoa, majirani wa upande huu wa mfereji na ninyi wa ng'ambo, pamoja na wawakilishi wa idara ya mifugo ambao leo mmefika bila kusubiri barua ya kuitwa, mimi ni Pothen Punnoose, mdogo wake marehemu, karani mstaafu wa ofisi ya ardhi, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu, kama alivyosema shemeji yangu, ni mimi peke yangu katika ukoo huu ninayeweza kusoma karatasi ndefu bila kusinzia.

Marehemu Dkt. Aleyamma Kuruvilla alizaliwa tarehe 14 Julai 1960, hapa hapa Chennamthura, Kuttanad, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Punnoose Ittycheria na marehemu Saramma, siku ambayo maji ya mafuriko yalikuwa yamefika madirishani, ikabidi mama apandishwe darini katikati ya magunia ya mpunga, na mkunga aliyeletwa kwa mtumbwi alisema mtoto huyu hakulia, alipiga mateke, na kwa kweli hakuacha kupiga mateke mpaka Jumanne iliyopita.

Alianza shule ya msingi ya parokia mwaka 1966, ambako mwalimu wake, baada ya kushindwa kumkalisha kwenye dawati kwa maneno na kwa fimbo, alimpa kazi ya kugonga kengele ili apate sababu halali ya kusimama, akaendelea na sekondari huko Changanassery, na mwaka 1979 akajiunga na chuo cha udaktari wa mifugo, Mannuthy, Thrissur, alikohitimu mwaka 1984, mmoja kati ya wasichana wanne wa darasa lake, na marehemu baba alipoulizwa na majirani kwa nini binti asisomee udaktari wa watu, alijibu kwamba watu wana midomo ya kujieleza.

Tarehe 3 Juni 1985 aliajiriwa na idara ya mifugo ya jimbo, akahamishwa mara kumi na moja, mara mbili kati ya hizo akihamishiwa mahali ambapo tayari alikuwepo, jambo ambalo idara haijalieleza hadi leo, na kote huko alikumbukwa kama daktari ambaye chai yake ilipoa kwa kuwa alikuwa ameshatoka, ambaye alitafuna akitembea na kuandika akiwa amesimama, na ambaye mguu wake wa kushoto, hata hapa kanisani wakati wa mahubiri, ulitikisa benchi zima, samahani Baba Paroko, lakini waliokaa benchi lile wanajua.

Tarehe 23 Januari 1988 alifunga ndoa takatifu katika kanisa hili na Bwana Kuruvilla Itty, mfugaji wa bata kama baba yake na babu yake, na watu walisema wakati ule kwamba daktari wa mifugo kuolewa kwa wafugaji ni kama hakimu kuolewa kwenye nyumba yenye kesi, lakini ndoa hiyo ilidumu miaka karibu thelathini na saba, ikabarikiwa watoto wawili, Susha, mwalimu huko Kottayam, na Eapen, fundi wa mitambo ya meli, aliyetua jana usiku, na wajukuu watatu ambao bibi yao aliwafundisha kumtofautisha bata mwitu na wa nyumbani kwa namna anavyoruka kabla hawajajua kufunga viatu.

Ndugu waombolezaji, kwa sababu wengi wenu mna bata, na kwa sababu mengi yamesemwa kuhusu dada yangu na bata, familia imeomba jambo hili lielezwe sawasawa.

Mwaka 2010 tume moja ya serikali, yenye wajumbe kumi na wanne na boti moja, ilimwagiza atathmini ni kwa kiasi gani ndege wa porini wanaweza kuwaambukiza bata na kuku wetu mafua ya ndege, naye kwa misimu mitatu ya baridi alisimama kwenye matuta ya mashamba haya tangu alfajiri, akihesabu wale bata wadogo wanaotujia kutoka nchi za theluji, akiokota kinyesi chao kwa vijiti vya pamba, na akitazama kitu ambacho sisi sote tulikuwa tumekiona tangu utoto bila kukitazama, kwamba mpunga ukishavunwa, bata wetu na bata wao hula punje zile zile, ndani ya maji yale yale. Jibu alilopeleka Thiruvananthapuram, makao makuu ya jimbo, lilikuwa kwamba hatari ya ndege wa porini kutuletea ugonjwa ni ndogo, lakini ipo, kwamba inakua mahali makundi mawili yanapochangia shamba moja, hasa shamba letu la mashariki, na kwamba bata wa kwanza akishaugua, kinachobaki si kazi ya mabawa tena, ni kazi ya malori, trei za mayai na miguu yetu wenyewe.

Jibu hilo halikumpendeza mtu. Mwenyekiti wa tume alimwambia, "Daktari, andika ndogo au andika kubwa, hii 'ndogo lakini ipo' ni lugha ya mama mkwe," naye akamjibu, "Mheshimiwa, uwezekano wa wewe kuhamishwa mwezi ujao ni mdogo, lakini upo, mizigo umeshafunga?", na mwezi uliofuata mheshimiwa akahamishwa kweli, jambo lililompa dada yangu sifa ya unabii ambayo hakuitaka. Mjumbe mwingine alishauri ndege hao wafyatuliwe baruti watawanyike, akaulizwa, "Watawanyike waende wapi, mzee, kwa jirani?" Hapa kijijini nako, nusu yetu tulitaka ndege wa porini wabebe lawama yote, kwa kuwa ndege hatozwi faini, na nusu nyingine tulisema ugonjwa wenyewe haupo, na shemeji yangu Kuruvilla, ambaye yuko hapa mbele na ameniruhusu kusema, alikuwa katika nusu zote mbili kwa wakati mmoja. Kila alipoombwa asipeleke bata wake shamba la mashariki, alisema, "Babu alilisha pale, baba alilisha pale, na hao bata wa theluji walikuwepo, mbona hatukuwahi kupiga chafya?"

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 24 Novemba 2014, bata wake kadhaa walikutwa wamekufa na wengine wanazunguka huku shingo zimepinda, mwezi mmoja kabla ya Krismasi, msimu ambao mfugaji wa Kuttanad huishi mwaka mzima akiungoja, na kabla chai haijachemka mnunuzi Lonappan alikuwa amefika na lori, akisema, "Kaka Kuruvilla, pakia sasa hivi, wakifika Kochi wanakuwa nyama, na nyama haina homa." Nusu ya kundi ilikuwa imeshapakiwa dada yangu alipotokea mbio kwenye tuta, akasimama mbele ya lori.

"Aleyamma, nenda kapike," mumewe akamwambia kutoka juu ya matenga.

"Nimeshapika. Shuka."

"Mbele za watu unanifanyia hivi?"

"Ungetaka nikufanyie nyuma ya watu, ungeniita kabla ya Lonappan."

Lonappan akawasha injini, akasema, "Mama Daktari, mimi nina njia ndefu," na hapo dada yangu alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, alikaa, chini, kwenye matope, mgongo kwenye gurudumu la mbele, akatulia kabisa, hata ule mguu ukatulia, na wazee waliokuwepo wanasema hicho ndicho kilichowatisha, maana walijua hatanyanyuka. Lori halikuondoka. Majibu kutoka maabara ya Bhopal yaliporudi yalisema ni mafua ya ndege, na kwa mujibu wa taratibu bata wote waliokuwa ndani ya kilomita moja, wagonjwa na wazima, waliuawa na kuchomwa na watu waliovaa mavazi meupe ya plastiki, bata elfu saba wa Kuruvilla wakiwa wa kwanza, na aliyetia sahihi amri hiyo alikuwa mke wake.

Kuanzia siku hiyo shemeji yangu hakusema na mkewe, aliongea na paka ili mkewe asikie, "Mwambie bibi yako chumvi imezidi," naye dada alimjibu paka yule yule, mpaka Jumapili ya tarehe 11 Januari 2015, siku ya kuhesabu ndege wa porini ya kila mwaka, ambapo mpiga kasia wa idara aliogopa ugonjwa akakataa kuja, na dada alipofika gatini akamkuta Kuruvilla ameshaingia mtumbwini, kasia mkononi, ametazama upande mwingine. Walikwenda hivyo mpaka katikati ya maji, ndipo Kuruvilla akamwambia neno la kwanza baada ya wiki saba, "Kaa chini, Aleyamma, utatuzamisha." Hakukaa. Lakini tangu mwaka huo Kuruvilla alimpigia kasia kila Januari, na kundi jipya alilolianza mwaka ule hakulipeleka tena shamba la mashariki.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Julai 2016, ingawa ile namba ya simu ya dharura iliyobandikwa kwenye kuta za vyama vya ushirika vyote vya wilaya iliendelea kuwa yake, kwa kuwa idara haikukumbuka kuibadilisha na yeye hakukumbuka kuikumbusha. Mwezi Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Kottayam na baadaye nyumbani, na hata kitandani, pale ambapo hatimaye alilazimishwa kulala, aliipokea simu ile, akiuliza kwa sauti iliyobaki, "Wamekufa wangapi? Shingo je? Usiwahamishe." Alifariki dunia Jumanne, tarehe 10 Desemba 2024, saa kumi na dakika ishirini jioni, mumewe akiwa amemshika mguu wa kushoto.

Jana asubuhi, wakati tunapanga viti, simu ile ililia. Alikuwa jirani yetu Mathan, ambaye amelazwa Alappuzha kwa mguu na hakuwa na habari ya msiba, mkewe alikuwa amempigia akilia kwamba bata wao wanakufa, naye akapiga namba aliyokuwa ameihifadhi. Kuruvilla ndiye aliyepokea. Tulimsikia sote.

"Daktari hayupo. Ni mumewe. Wamekufa wangapi?" Kisha, "Shingo je?" Kisha, "Mwambie mama watoto asiwahamishe, na Lonappan asimfungulie geti."

Mathan akasema, kwa sauti tuliyoisikia mpaka jikoni, "Lakini kaka, tuta langu na lako ni moja! Wale wa mavazi meupe wakija kwangu wanakuja na kwako!"

"Najua ni moja, Mathan. Nililijenga mimi."

Akakata, akampigia mwenyewe daktari wa sasa wa wilaya, Dkt. Niveditha, akamweleza njia, akamwambia na idadi ya bata wake yeye, elfu sita, ambao mpaka leo asubuhi hakuna hata mmoja aliyeugua, kisha akarudi kwenye viti, akaendelea kuvipanga, vile vile viwili, huku na huku, mpaka Susha alipomshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kottayam, akina mama wa jumuiya walioleta muhogo na samaki (mtuwie radhi kwamba bata hayumo mezani), wafanyakazi wenzake wa zamani, Dkt. Niveditha ambaye ametoka shambani kwa Mathan na kubadilisha nguo mara mbili ili afike hapa, na majirani wote. Mnaofuga mnaombwa mkitoka makaburini mpite barabarani, msikatize mashambani, na mkanyage kwenye karai la dawa lililoko getini, si dharau kwa mtu, hata paroko amekanyaga.

Majibu ya Bhopal yanatarajiwa leo saa tisa alasiri, kwa hiyo dada, utusamehe tukitupa udongo wetu na kuondoka upesi upesi, umetulea hivyo. Lala sasa, Aleyamma, upumzike kwa amani, simu anayo Kuruvilla, na hata humu kanisani amekataa kuizima.