Kijiti cha Jino la Kauthar

Wasikilizaji wapendwa, kulikuwa na maneno pale bombani kwetu Unyambwa. Walisema kijiti ambacho madaktari huweka ndani ya jino hupanda pole pole mpaka kwenye ubongo. Aliyeyaanzisha simjui. Lakini yaliniganda. Nililala nayo, nikaamka nayo.

Mimi ni Mwantum, mnayenisikia redioni kila Ijumaa nikisoma kumbukumbu za marehemu wenu. Leo marehemu ni binti yangu, Kauthar Amri. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Kauthar, miaka ishirini na minne tu.

Aliuza vitenge sokoni Singida mjini, tangu biashara iliporuhusiwa kwa watu wote na kila mwenye meza anauza. Akitaka kupasua kitambaa, alianza kwa meno. Nikimkemea, anacheka.

Mwezi wa nne, gego la chini likamuuma. Tukaenda kliniki mpya ya mtu binafsi. Daktari Petro akatoa mshipa uliooza, akasafisha mizizi, akaziba kwa muda. Akanieleza vizuri kabisa: "Mama, jino hili sasa ni kama gunzi kavu. Linavunjika upesi. Baada ya wiki mbili arudi, nimwekee kijiti cha nyuzi za kioo ndani ya mzizi, kilishike, kisha kofia juu ya jino. Nakiagiza Dar."

Wiki mbili zikafika. Jino haliumi tena. Nikamwambia asiende.

"Mama, kijiti chenyewe kama njiti ya kibiriti! Kitapandaje, kina miguu?"

"Cheka tu. Kikifika ubongoni utamcheka nani?"

Hakuwa mtoto wa kunipinga. Hakurudi kliniki, wasikilizaji. Hakurudi kwa sababu yangu.

Mwezi wa saba akatafuna mahindi ya kukaanga, jino likapasuka. Siku ya tatu, chini ya kidevu kukavimba. Mama mkwe wake, Bi Hajira, akasema, "Matubwitubwi hayo." Tukampaka masizi ya chungu mashavu yote, kama watoto wanavyopakwa.

Jioni akasema kwa taabu, "Mama, ulimi umeinuka. Mate hayapiti."

Mumewe, Abdulrazaki, akasimama. "Mama, twende hospitali."

Nikamjibu, "Baba, masizi hata hayajakauka. Tusubiri kesho."

Kesho yake tulifika hospitali koo limeshaziba; usaha wa jino ulikuwa umeshuka shingoni, si matubwitubwi. Saa nne asubuhi mwanangu akakata roho, masizi bado usoni.

Baada ya arobaini nilikwenda kwa Daktari Petro. Kijiti kilikuwepo, ndani ya bahasha yenye jina la Kauthar. Akakiweka kiganjani mwangu. Cheupe, kifupi. Kikigandishwa mle, hakina pa kwenda.

Pole, mwanangu Abdulrazaki. Uliniambia, "Mama, simlaumu mtu, ila meza yake sokoni siwezi kupita karibu." Pole, Bi Hajira, wewe na mimi tulipaka pamoja. Mungu amrehemu Kauthar.

Nanyi wazazi, jiulizeni leo mnamkataza nini mtoto kwa hofu msiyoijua chanzo chake. Mimi ni wa darasa la saba, sina elimu ya meno. Najua haya tu ya kuepuka:

Usiliache jino lililotolewa mshipa bila kuimarishwa, hata kama haliumi.

Usitafunie kitu kigumu upande huo kabla ya kofia.

Usipasue nguo wala kufungua soda kwa meno.

Usipake masizi uvimbe wa mwenye jino bovu.

Na mtu asiyeweza kumeza mate, usimwambie asubiri kesho.