Bi Uko Wapi Aaga Meza ya Simu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, chumba cha simu za dharura kinamuaga mpokea simu wake aliyeitumikia meza hii miaka thelathini na miwili. Jina lake kamili liko kwenye faili za ofisi. Sisi tunamjua kwa swali lake la kwanza kwa kila aliyepiga, nalo ndilo tulilolifanya jina: Bi Uko Wapi.

Alianza kazi enzi za simu za mezani zenye waya uliojikunja, ramani ya mji ikiwa imebandikwa ukutani na kuchomwa pini za rangi. Wapigaji walimweleza kwamba nyumba inayoungua iko karibu na kwa fundi viatu, na yeye ilimbidi ajue ni fundi viatu yupi. Swali lake lilimkaa mdomoni hata nje ya kazi. Siku moja mama mkwe wake alipiga simu nyumbani kumjulia hali, akaulizwa yuko wapi na kuna majeruhi wangapi. Inasemekana mama huyo alinuna wiki nzima.

Kwa watu wa mzaha hakuwa na subira. Watoto waliotaka tu kusikia king'ora, walevi waliotaka mtu wa kupiga naye soga, wote walimpitia yeye. Ndipo alipotunga kanuni iliyokuja kuitwa kwa jina lake: ombi lolote lililokuja bila sauti ya mwenyewe kusikika, kwa ujumbe au kwa simu iliyokatika, mwenyewe apigiwe simu, na asipopokea mara tatu, ombi lifutwe. Kanuni hiyo iliyaepusha magari yetu na safari nyingi za bure, na sote tuliisifu.

Miaka michache iliyopita ofisi ilianza kujaribu programu ya simu ya mkononi kwa ajili ya watu wasiosikia au wasioweza kusema. Mtu anagusa picha ya moto, ya gari la wagonjwa au ya polisi, na mahali alipo panajitokeza kwenye skrini yetu. Bi Uko Wapi aliiunga mkono kuliko mtu yeyote, kwani mdogo wake wa kike, fundi cherehani, ni kiziwi tangu utotoni, naye alikuwa miongoni mwa waliopewa kuijaribu. Alishikilia jambo moja tu: kanuni yake iingizwe humo. Mafundi wa programu wakaiingiza. Tulikaa vikao vingi, tukanywa chai nyingi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba tumetengeneza programu ya viziwi inayowapigia viziwi simu.

Tulikuja kuona mchana mmoja. Ombi la gari la wagonjwa liliingia kwenye meza yake kutoka mtaa wa maseremala, likiwa na namba tupu bila jina, kama yalivyokuwa maombi yote ya wakati wa majaribio. Akapiga, simu ikaita weee bila kupokelewa. Akapiga tena, kisha tena. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe cha kufuta ilipomjia kwamba wenye programu hii hawasikii. Akalitoa gari papo hapo, kanuni akaitupa kule.

Huko karakana, mdogo wake alikuwa amepiga magoti kando ya mumewe seremala, aliyeanguka ghafla akijishika kifua. Simu ilimtetemekea mkononi, asijue wanataka aseme nini. Kwa miaka yote ile, ndugu wa tumbo moja na Bi Uko Wapi hakuwahi kuweza kupiga simu kwenye chumba hiki. Siku ya kwanza alipoweza, nusura dada yake amfute.

Seremala alipona. Bi Uko Wapi alilia msalani, akanawa uso, akamaliza zamu. Kisha alikwenda kwa msimamizi kuomba kanuni yenye jina lake iondolewe, akakataa kuketi mpaka akubaliwe. Leo programu inauliza kwa maandishi na picha, na mtu asipojibu, gari linakwenda vilevile. Safari za bure zimeongezeka kidogo. Hatujamsikia akizilalamikia.

Wiki hii, tulipokuwa tunapanga viti vya hafla, ujumbe uliingia kwa njia ya programu hiyo, bila picha ya moto wala ya gari: "Dada, uko wapi? Chakula kinapoa." Kutumia huduma ya dharura kwa mambo ya nyumbani ni kosa, na mhusika hupewa onyo. Tulilijadili suala hili kwa uzito wake, tukaamua kwamba ombi ni halali.

Bi Uko Wapi, asante kwa kila mtu uliyempata akiwa bado anapumua. Tutakukumbuka sana, na hilo tunalisema bila mzaha. Uwe na afya, uwe na raha, na simu yako ilie kwa habari njema tu. Nenda nyumbani, unaitwa.