Muulizeni Patron Isaïe Kabla Jeneza Halijainuliwa

Sogeeni, wanangu. Moussa, zima redio. Djamila, kaa hapa ninapokuona, maana ninyi wawili ndio ninaowaachia nyumba hii ya Mangobo, na nyumba yenyewe inataka kuponyoka. Daktari amesema ini langu limechoka. Bon, sikubishana naye, ingawa mutu aliyesimamisha kuta za nusu ya mtaa wa Makiso hafi haraka hivyo, na lori lililogonga ukuta wangu kule bandarini ndilo lililopelekwa gereji, ukuta ukabaki unalitazama.

Mambo ni haya, na msiniulize kama nimeyaelewa. Patron Isaïe ndiye anayepata soko, yaani mkataba wa jengo zima; mimi ni sous-traitant wake, ananipa kuta na plasta, natafuta mafundi, namaliza, ananilipa. Lakini kila akinilipa anakata kipande, anasema ni kodi, ataipeleka Serikalini kwa jina langu. Mimi nikadhani ni kama likelemba ya mama yenu, kila mutu anatia, siku zamu yako ikifika unabeba yote. Nikajigamba kwa mafundi kwamba Serikali inaniwekea. Mwishowe nikamuuliza Hélène, anayeshika hesabu za patron, zamu yangu ni mwezi gani. Akacheka mpaka akavua miwani. "Papa Feruzi, hakuna zamu. Ile iko kodi yako, umeshalipa. Siku watakuja kukudai, watatoa ile tulikata." Donc nimelipa. Nikalala vizuri.

Halafu akaja mtu wa kodi, kijana mwenye adabu, anasema kwa jina langu hakuna kitu kilichoingia, nilipe yote, la sivyo nyumba itauzwa. Nikamwambia nilishakatwa. "Basi, papa, leta attestation ya patron wako, ile karatasi ya kuonyesha alikukata na alilipa." Nikaenda kwa patron. "Wiki ijayo, papa." Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine, mpaka nikaanguka kitandani. Sasa sijui: nimelipa, sijalipa, nimelipia mtu mwingine? Ninadai au ninadaiwa? Huenda Isaïe aliipeleka, huenda aliinunulia lile gari lake jeupe. Msimwite mwizi, sikumwona akiiba.

Basi sikilizeni. Mnajua desturi yetu: kabla jeneza halijainuliwa, mtu wa familia anasimama anasema, anayemdai marehemu aseme, anayedaiwa naye aseme. Mwislamu au Mkatoliki, hakuna anayependa kudanganya mahali pale. Isaïe atakuja, anapenda kuonekana msibani, mpeni kiti cha mbele. Tangazo lifanyike hapa uani, si makaburini, ili Djamila awepo, maana wewe Moussa una haya, utayameza maneno. Djamila, usitaje kiasi. Muulize kwa heshima: "Tonton Isaïe, kodi uliyomkata papa, uliifikisha?" Kisha unyamaze. Usimsaidie. Na yule kijana wa kodi mwalikeni, mpeni chai, akae karibu asikie.

Isaïe akisema ndiyo, atoe attestation wiki hiyohiyo, na abebe jeneza upande wa kichwa. Akisema hapana, nyumba imepona vilevile, deni ni lake. Hélène aliwahi kuniambia hivyo, au mimi ndiye niliyemwambia yeye, sikumbuki. Akinyamaza, msiniinue. Imamu atakasirika, atasema maiti haingoji. Mwambieni Feruzi amengoja malipo juani maisha yake yote, saa moja zaidi haitamharibia kitu.

Nipeni maji... kidogo tu. Ngazi zangu zote apewe Mbusa, fundi wangu mkuu. Na mkimpa kazi, mlipeni siku ileile, mkimkata kitu mumwonyeshe kilikokwenda. Mama yenu asihamishwe chumba chake. Msigombane kwa ajili yangu, mimi sikugombana na mutu... isipokuwa wale walioanza.

Mungu aifanye mikono yenu isikose kazi, na kazi yenu isikose malipo yake. Amina, semeni amina. Nani amefunga dirisha? Hakuna? Basi ni macho yangu. Djamila, njoo karibu, niulizie lile swali, nisikie utakavyosema. Hapana, umelia, anza tena. Vizuri... lakini sauti iko chini, mwanangu. Ipaze kidogo. Sema kama vile nami niko palepale, nangoja jibu.